Arousyak Papazian na Wanawake wa Kwanza wa Jukwaa la Kiarmenia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Arousyak Papazian alikuwa nani?

Arousyak Papazian alikuwa Mwarmenia wa Istanbul, mwalimu na mwigizaji wa jukwaani, aliyezaliwa mwaka 1841 na kufariki mwaka 1907. Ndiye anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiarmenia kuufanya uigizaji kuwa kazi yake hasa, na ni mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kupanda jukwaani katika Dola ya Uthmania nzima. Jina lake linahusishwa na Arevelian Tatron, yaani Ukumbi wa Mashariki, kundi la maigizo lililoanza kazi mwaka 1861 katika mtaa wa Pera, upande wa Ulaya wa jiji hilo.

Arousyak ni jina la kale la Kiarmenia la nyota ya Zuhura, ile inayotangulia kuonekana kabla jua halijachomoza. Wazazi waliomwita hivyo hawakuweza kujua litakavyokuja kumfaa.

Je, kabla yake Waarmenia hawakuwa na michezo ya kuigiza?

Walikuwa nayo, tena ya zamani sana. Mfalme Artavasdes II wa Armenia, aliyetawala katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika tamthilia kwa Kigiriki. Na mwaka 53 kabla ya Kristo, tamthilia ya Euripides, mwandishi wa Kigiriki wa kale, ilipokuwa ikichezwa mbele yake huko Artashat, mji mkuu wake, kichwa cha Crassus, jemadari wa Kirumi aliyekuwa ameuawa vitani, kililetwa ukumbini na kutumiwa katika mchezo wenyewe. Habari hiyo imeandikwa na Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, na inaonyesha kwamba jukwaa halikuwa kitu kigeni katika nchi hiyo.

Baada ya Ukristo kutawala, maigizo yalinyamaza kwa muda mrefu, kisha yakarudi kupitia shule. Mwaka 1668, katika mji wa Lviv ambao leo uko Ukraine, wanafunzi wa chuo cha Kiarmenia waliigiza kifo cha kishahidi cha Mtakatifu Hripsime. Karne iliyofuata, watawa wa shirika la Mekhitar, waliopata makazi yao katika kisiwa cha San Lazzaro karibu na Venice mwaka 1717, waliifanya michezo ya kuigiza kuwa sehemu ya mafunzo ya wavulana wao. Wahitimu wa shule zao ndio walioileta kazi hiyo Istanbul katika miaka ya 1850. Miongoni mwao alikuwa mshairi Mkrtich Beshiktashlian, aliyeandika tamthilia kuhusu wafalme wa kale wa Armenia na kuwafundisha vijana kuzicheza.

Lakini tazama ni nani waliokosekana katika historia yote hiyo ya shule. Hripsime alikuwa mwanamke, bikira aliyekataa kuolewa na mfalme mpagani na akauawa kwa sababu hiyo, na bado aliyesimama jukwaani kwa niaba yake alikuwa kijana wa kiume. Katika michezo ya watawa, waandishi walipunguza nafasi za wanawake au waliziondoa kabisa. Malkia alitajwa tu, akasubiriwa, akaombolezwa, bila kuonekana hata mara moja. Ndiyo maana nasema kwamba mwaka 1861 haukuongeza waigizaji wachache tu kwenye orodha. Uliirudisha nusu ya hadithi iliyokuwa imekatwa.

Kwa nini wanawake wa kwanza wa jukwaa la Istanbul walikuwa Waarmenia?

Wanawake wa Kiislamu hawakuruhusiwa kucheza mbele ya hadhira ya wanaume wasiokuwa jamaa zao. Wanawake wa jamii za Kikristo hawakufungwa na katazo hilo, ingawa mila ziliwabana pia. Miongoni mwa Waarmenia kulikuwa tayari na shule, waandishi, matajiri waliokuwa radhi kugharimia ukumbi, na wafanyabiashara waliokuwa wameona opera za Kiitaliano katika ukumbi wa Naum hapo hapo Pera. Mambo hayo yote yalikutana mahali pamoja na wakati mmoja.

Hata hivyo, mazingira hayapandi jukwaani. Ilibidi apatikane mtu wa kukubali, na aliyekubali alikuwa na mengi ya kupoteza.

Jamii yake iliwapokeaje wanawake hao?

Kwa shida. Katika miji mingi ya eneo hilo, mwanamke aliyecheza ngoma au kuimba mbele ya wanaume alihesabiwa kuwa mtumwa au mtu wa tabia mbaya, na dhana hiyo haikufutika kwa sababu tu ukumbi ulikuwa umejengwa kwa mtindo wa Ulaya na mchezo ulikuwa unahusu mashahidi wa dini. Kwa mwalimu jambo hilo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa wazazi walimkabidhi binti zao. Heshima yake ilikuwa ndiyo mtaji wake.

Kuna jambo moja ambalo linasema mengi kwa kuonekana tu. Wanawake wa kizazi hicho walipanda jukwaani wawili wawili, dada na dada. Arousyak alikuwa na mdogo wake Aghavni, jina lenye maana ya njiwa. Baada yao wakaja Yeranuhi na Vergine Karakashian, kisha Merope na Amber Kantarjian, ambao hadhira iliwajua kwa majina ya jukwaani ya Siranush na Astghik. Nadhani ndugu alikuwa mwenzi wa njiani usiku baada ya onyesho, na zaidi ya hapo alikuwa shahidi: mtu wa nyumba moja aliyeweza kueleza nyumbani yaliyotokea nyuma ya pazia. Msichana aliyekwenda peke yake angesemwa. Waliokwenda wawili walikuwa familia iliyoamua jambo.

Ualimu wake na uigizaji wake vinahusianaje?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu wengi huyataja mambo hayo mawili kana kwamba yalikuwa maisha mawili tofauti, mchana shuleni na usiku ukumbini, ilhali kwa Waarmenia wa Istanbul wa wakati ule ilikuwa kazi moja iliyofanywa katika vyumba viwili.

Waarmenia wengi wa dola hiyo, hasa nje ya mikoa yao ya mashariki, walizungumza Kituruki nyumbani. Waliandika Kituruki hicho kwa herufi za Kiarmenia walizozijua kanisani, kiasi kwamba riwaya ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza katika lugha ya Kituruki, *Akabi Hikayesi* ya Vartan Paşa ya mwaka 1851, ilichapwa kwa herufi za Kiarmenia. Wenye elimu nao walikuwa wakigombana kuhusu Kiarmenia kipi kitumike: kile cha kale cha vitabu vya dini, ambacho mtu wa kawaida hakukielewa, au kile cha mitaani, ambacho wasomi walikidharau. Hapakuwa bado na lugha moja ambayo muuza samaki wa mtaa wa Kumkapı na mfanyabiashara wa Pera wangeweza kuitumia wote bila mmoja kuona aibu.

Basi fikiria mtu anayeingia ukumbini bila kujua kusoma. Anakaa gizani, taa zinawaka mbele ya jukwaa, na anamsikia mwanamke akitamka kwa sauti safi sentensi ndefu ya Kiarmenia kinachoeleweka, kila silabi mahali pake, na sentensi hiyo inamhusu malkia wa watu wake mwenyewe. Anaisikia mara moja tu, kwa hiyo lazima imfikie ilivyo. Ndiyo kazi ya mwalimu hasa. Kumpata mwanamke wa kusimama hapo kulihitaji mtu anayesoma vizuri, anayekariri kurasa nyingi kwa siku chache, anayejua tofauti ya lugha ya kanisa na ya nyumbani na anayeweza kuwasaidia wenzake wasiojua. Waigizaji wa aina hiyo walitoka katika ualimu kwa kuwa karibu hapakuwa na mahali pengine ambapo mwanamke angeweza kuupata ujuzi huo na kuutumia hadharani.

Tunapaswa pia kumkumbuka mtu mwingine katika chumba hicho, ambaye hadhira haikumwona. Chini ya ukingo wa jukwaa, ndani ya kijishimo chenye kifuniko, alikaa mtu mwenye mswada mkononi aliyewanong'onezea waigizaji maneno yao. Mchezo ulibadilishwa mara kwa mara na mazoezi yalikuwa machache, kwa hiyo kazi yake haikukoma tangu pazia kupanda hadi kushuka. Mwigizaji aliyeweza kusoma mswada mwenyewe nyumbani, kuuelewa na kuja akiwa ameukariri, alisimama jukwaani kwa uhuru ambao wengine hawakuwa nao. Macho yake hayakuhitaji kuangalia chini.

Neno la Kiarmenia kwa "mwigizaji wa kike" ni lipi?

Ni *derasanuhi*, na Waarmenia wa Istanbul hulitamka *terasanuhi*. Mwalimu wa kike wa enzi hiyo aliitwa *varzhuhi*. Kiarmenia, kama Kiswahili, hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi: neno moja hutosha kwa "yeye". Lakini kina kiambishi *-uhi* cha kuonyesha kwamba mwenye kazi ni mwanamke, na katika miaka hiyo kiambishi hicho kidogo kilianza kushikamana na majina ya kazi ambayo kabla ya hapo hayakukihitaji.

Elimu ya wasichana wa Kiarmenia ilikuwa katika hali gani wakati huo?

Ilikuwa ikipanuka kwa kasi, na wanawake wenyewe ndio walioisukuma. Mwaka 1862 Elbis Gesaratsian alianzisha *Kitar*, jarida la kwanza la wanawake kwa Kiarmenia. Mwaka 1863 serikali ya Uthmania iliidhinisha Katiba ya Taifa la Kiarmenia, iliyoipa jamii hiyo mabaraza ya kusimamia mambo yake, elimu ikiwemo. Mwaka 1879 zilianzishwa Istanbul jumuiya mbili za wanawake, moja ya kufungua shule za wasichana mikoani na nyingine ya kuandaa walimu wa kike. Mwandishi Srpouhi Dussap, aliyezaliwa katika kizazi kile kile cha Arousyak, alichapisha mwaka 1883 *Mayda*, riwaya ya kwanza kuandikwa na mwanamke wa Kiarmenia, na mwaka 1887 akatoa nyingine ambayo mhusika wake mkuu ni mwalimu wa kike anayepigania riziki na heshima yake.

Ukiyapanga matukio hayo kwa miaka, utaona jukwaa lilitangulia. Mwanamke wa Kiarmenia alisikika ukumbini kabla hajawa na jarida lake, na zaidi ya miaka 20 kabla hajawa na riwaya yake.

Arevelian Tatron ilicheza michezo ya aina gani?

Ilicheza tamthilia za historia ya Kiarmenia pamoja na michezo ya Kifaransa na Kiitaliano iliyotafsiriwa. Miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo alikuwa Srabion Hekimian, mwandishi aliyekuwa amepata mafunzo kwa watawa wa Venice. Mada zilizopendwa ni za wafalme Arshak na Pap, na za Vardan Mamikonian, jemadari aliyefia katika vita vya Avarayr mwaka 451 akiitetea imani ya watu wake dhidi ya Waajemi. Kwa jamii iliyoishi chini ya sultani bila mfalme wake mwenyewe, michezo hiyo iligusa mahali penye uchungu, na watawala walilijua hilo.

Hagop Vartovian ana nafasi gani katika habari hii?

Ana nafasi kubwa, maana ndiye aliyewahamisha wanawake wa Kiarmenia kutoka jukwaa la jamii moja hadi jukwaa la jiji zima. Waturuki humwita Güllü Agop. Kundi lake, Ukumbi wa Uthmania, lilicheza katika mtaa wa Gedikpaşa, Istanbul, kuanzia mwisho wa miaka ya 1860, kwa Kiarmenia na kwa Kituruki, na mwaka 1870 alipewa na serikali haki ya pekee ya kuonyesha michezo ya Kituruki jijini kwa miaka 10. Wanawake wake wote walikuwa wa jamii za Kikristo, wengi wao Waarmenia. Hivyo katika tamthilia ya *Vatan yahut Silistre* ya Namık Kemal, iliyoonyeshwa tarehe 1 Aprili 1873 na kuwatia watazamaji wazimu wa uzalendo hadi mwandishi akafungwa Famagusta, Cyprus, msichana shujaa wa Kituruki aliigizwa na Mwarmenia.

Magazeti ya Kituruki yaliwalaumu waigizaji hao kwa matamshi yao, na iliundwa kamati ya waandishi, Namık Kemal akiwemo, ya kuwasahihisha. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini naiona si ya haki kwa ujumla. Watu waliosimama peke yao kuibeba kazi ambayo wengine hawakuruhusiwa kuigusa, tena kwa lugha ya pili, walistahili shukrani kwanza na masahihisho baadaye.

Nini kilitokea baada ya hapo?

Vita vya Urusi na Uthmania vya mwaka 1877 na 1878 vilidhoofisha kumbi za Istanbul. Chini ya Sultan Abdülhamid II udhibiti ulikaza, michezo ya Kiarmenia ikapigwa marufuku, na ukumbi wa Gedikpaşa ukabomolewa mwaka 1884. Waigizaji bora walihamia Tiflis, ndiyo Tbilisi ya leo huko Georgia, ambako Waarmenia walikuwa wengi na matajiri, na ambako mwandishi Gabriel Sundukian alikuwa ameonyesha *Pepo* mwaka 1871. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1879 walikuwa Petros Adamian, Siranush na Astghik. Kwa njia hiyo mafunzo yaliyoanza Pera yakaingia katika jukwaa la Kiarmenia la Kaukasia, na kutoka huko yakafika Yerevan, ambako ukumbi wa taifa unaobeba jina la Sundukian ulifunguliwa mwaka 1922 kwa mchezo huo huo wa *Pepo*.

Ni kweli Siranush alicheza nafasi ya Hamlet?

Ni kweli, mwaka 1901. Siranush, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1857, alikuwa tayari ameigiza mashujaa wa kike wengi wa tamthilia za Ulaya alipomchukua mwana wa mfalme wa Denmark, nafasi ambayo Adamian alikuwa ameifanya kuwa fahari ya Waarmenia. Kwa karne nzima wavulana walikuwa wamevaa mavazi ya mashahidi wa kike, na sasa mwanamke akavaa upanga. Alifariki Cairo, Misri, mwaka 1932.

Wanawake wa Kituruki walianza lini kupanda jukwaani?

Mwaka 1920, miaka 59 baada ya Arevelian Tatron. Afife Jale alipewa nafasi iliyoachwa wazi na Mwarmenia Eliza Binemeciyan, akacheza Kadıköy, upande wa Asia wa Istanbul, na polisi wakamsaka hadi akalazimika kutorokea mlango wa nyuma. Katazo liliondoka baada ya Jamhuri kuundwa mwaka 1923. Afife anaheshimiwa sana nchini Uturuki leo, na anastahili. Lakini asimuliwe pamoja na mwanamke aliyemwachia nafasi ile, na wale waliomtangulia huyo.

Kwa nini Arousyak Papazian hajulikani zaidi?

Sababu ya kwanza iko katika sanaa yenyewe: alifanya kazi kabla ya filamu na kabla ya sauti kurekodiwa, na uigizaji wa wakati ule ulikwisha pazia lilipoanguka. Sababu ya pili ni kwamba alisimama katikati ya historia mbili, ya Waarmenia na ya jukwaa la Kituruki, na kila upande ulikuwa na mashujaa wake wa baadaye wa kuwasimulia.

Sababu ya tatu ni nzito zaidi. Miaka 8 baada ya kifo chake, tarehe 24 Aprili 1915, waandishi, walimu na wasanii wa Kiarmenia wa Istanbul walianza kukamatwa na kupelekwa bara, na wengi wao waliuawa. Mwigizaji Yenovk Shahen alikuwa mmojawapo. Kisha yakafuata mauaji ya kimbari ya Waarmenia wa dola nzima. Waliokufa ndio waliokuwa wakijua nani alicheza nini, jioni gani, na watu walilia mahali gani katika mchezo. Mwigizaji wa karne ya 19 huishi katika kumbukumbu za waliomwona na watoto wao, na watu hao hawakuachwa waishi.

Je, kuna mahali mjini Istanbul panapoweza kuonyeshwa leo?

Pera sasa huitwa Beyoğlu, na barabara yake kuu ni İstiklal. Ukumbi wa Naum, ambako Waarmenia wa enzi ya Arousyak walitazama opera, uliteketea katika moto mkubwa wa mwaka 1870, na juu ya kiwanja chake likajengwa jengo lenye njia ya ndani iliyoezekwa kwa vioo, linaloitwa Çiçek Pasajı. Leo watu hukaa humo jioni wakila samaki, na kando ya njia hiyo liko soko ambalo ndani yake mna lango la kanisa la Kiarmenia la Üç Horan. Mtu akisimama kati ya lango hilo na meza za wala samaki, yuko hatua chache tu kutoka mahali ambapo Pera ilikwenda kutazama jukwaa katika miaka ile.